‘Stagger’: kutoka kupepesuka hadi kupishanisha

Usiku wa tarehe 14 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alipiga goti kwenye njia ya nane ya uwanja wa Olimpiki, akisubiri mlio wa bastola ya fainali ya mita 400. Mstari wake wa kuanzia ulikuwa mita 53 mbele ya mstari wa njia ya kwanza, na hakuna aliyelalamika. Alikimbia kwa sehemu kubwa bila kumwona mpinzani hata mmoja, akamaliza kwa sekunde 43.03, na rekodi ya dunia ambayo Michael Johnson aliiweka mwaka 1999 ikavunjika. Zile mita 53 zina jina katika Kiingereza. Zinaitwa “stagger”. Ukifungua kamusi ya Kiingereza kulitafuta neno hilo, maana ya kwanza utakayoikuta ni ya mtu anayekwenda akipepesuka kama mlevi.

Msomaji wa Kiswahili hukwama hapo, na ana haki ya kukwama. Inakuwaje neno la kukosa mwelekeo litumike kwa kitu kilichopimwa hadi sentimita? Tena halikomei hapo. Daktari wa mifugo analo, mwandishi wa habari analo, fundi wa ndege analo, mwanasheria anaandika mkataba nalo. Wengi wetu tulifundishwa kukariri kila maana peke yake, kana kwamba ni maneno tofauti yaliyofanana kwa bahati. Nadhani tulicheleweshwa bure. Maana hizi zote zinaanzia kwenye mguu, na anayeufuata mguu huo hahitaji kukariri kitu.

Neno lenyewe ni la kale. Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia waliovuka bahari kuivamia Uingereza, kisha wakahamia huko, kuanzia mwisho wa karne ya 8. Katika lugha yao lilikuwa “stakra”, lililozaliwa na “staka”, yaani kusukuma. “Stakra” ni kusukumwa mara kwa mara, huku na huku. Hili la kusukumwa ndilo la kulishika kwanza, maana linaeleza kwa nini Mwingereza hatumii neno hili kwa kila kinachoyumba. Mti unaoyumbishwa na upepo hausemwi hivyo, kwa sababu mizizi yake haijaondoka mahali pake. Huo wana neno “sway”. Gurudumu lililolegea nati linacheza, nalo ni “wobble”. Mtoto anayesimama dede na kuanza kwenda tete ana “totter”, neno ambalo pia hupewa mzee aliyeishiwa nguvu na ukuta unaokaribia kuporomoka. Chombo kikienda mrama ghafla, au daladala likifunga breki abiria wakatupwa mbele kwa mkupuo mmoja, ni “lurch”. Kichwa kikizunguka baada ya kofi, ni “reel”.

“Stagger” inataka vitu vitatu vikutane: miguu inayopiga hatua, nguvu inayoisukuma nje ya mstari, na mwili unaojitahidi kurudi. Nguvu hiyo yaweza kuwa pombe, ngumi, gunia la mahindi begani, usingizi, homa au njaa. Bondia aliyepigwa ngumi ya kidevu akarudi nyuma hatua tatu bila kugusa chini amefanya “stagger”. Akigusa chini, neno limeisha kazi yake na jingine linachukua nafasi. Ndiyo maana magazeti ya Uingereza huandika kwamba serikali iliyopoteza wingi wa wabunge ina-“stagger on”: inaenda kwa taabu, kila wiki inasukumwa upande, lakini bado iko kwa miguu yake. Mwandishi anayetafsiri hapo “serikali imeanguka” amekosea habari yenyewe.

Kwa Kiswahili, neno lililo karibu zaidi na maana hii ya mguu ni kupepesuka. Kuyumba ni pana mno: mti huyumba, jahazi huyumba, uchumi huyumba, na imani ya mtu huyumba. Si kosa kulitumia, ila linafuta tofauti ambazo Kiingereza kimezilinda.

Maana ya mguu ina tawi moja ambalo wafugaji wanapaswa kulijua hata kama hawasomi Kiingereza kabisa. Neno likiongezewa herufi ya wingi, “staggers”, huwa jina la ugonjwa. Kisarufi linabaki umoja licha ya hiyo herufi ya mwisho, kama majina mengine ya magonjwa kwa Kiingereza. Tatizo ni kwamba si ugonjwa mmoja. Wafugaji wa Uingereza na makoloni yake waliupa jina hili kila ugonjwa uliomfanya mnyama apepesuke, bila kujali chanzo, kama vile sisi tunavyoita homa kila mwili unaopanda joto.

Upo ule wa ng’ombe wa maziwa wanaolishwa majani machanga yaliyochipua kwa kasi. Majani hayo huwa na magnesi kidogo, na potasi nyingi ndani yake huzuia hata hiyo kidogo isifyonzwe vizuri tumboni. Ng’ombe aliyezaa karibuni hutoa magnesi kila siku kupitia maziwa, na mwili wake hauna akiba unayoweza kuichota haraka. Kiwango kwenye damu kikishuka, misuli hutetemeka, mnyama hupepesuka, huanguka, na anaweza kufa ndani ya saa chache asipodungwa sindano ya magnesi. Upo mwingine wa kondoo na ng’ombe wanaokula nyasi aina ya “ryegrass”, unaojulikana sana New Zealand. Mwaka 1981 watafiti wa huko walionyesha kwamba unahusiana na kuvu anayeishi ndani ya nyasi zenyewe bila kuonekana kwa nje. Kuvu huyo hutengeneza sumu inayovuruga mishipa ya fahamu, lakini pia huikinga nyasi dhidi ya wadudu waharibifu, kwa hiyo mfugaji hawezi kumwondoa tu na kufurahi. Kondoo aliyepatwa, akihamishiwa malisho mengine, kwa kawaida hupona.

Wa tatu ndio unaotuhusu zaidi. Katika jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania mbuzi na kondoo hupatwa na ugonjwa unaoitwa kizunguzungu, na Wamaasai huuita ormilo. Mnyama huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka mahali pamoja, huacha kundi, hupoteza uwezo wa kuona, na mwishowe hushindwa kusimama. Kwa Kiingereza una majina kadhaa, likiwamo “staggers”. Chanzo chake ni tegu wa mbwa, Taenia multiceps. Mbwa hubeba tegu aliyekomaa tumboni na hutoa mayai kwenye kinyesi. Mbuzi huyala mayai hayo pamoja na majani. Lava, yaani tegu mchanga anayetoka kwenye yai, hutoboa utumbo, husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, na huko hukua polepole, kwa miezi, kuwa kifuko cha maji. Ndani ya kifuko kimoja mna vichwa vingi vya tegu wachanga. Kwa hiyo mbuzi akifa au akichinjwa, kichwa chake kikatupiwa mbwa, mbwa huyo mmoja hupata tegu wengi kwa mlo mmoja, na mzunguko huanza upya ukiwa na nguvu kuliko mwanzo.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu neno limeficha dawa. Anayesoma kwenye intaneti kwamba “staggers” hutibiwa kwa magnesi, kisha akanunua magnesi kwa mbuzi mwenye kifuko kichwani, amepoteza fedha na mnyama. Kifuko kikishakua, njia iliyobaki kwa kawaida ni upasuaji au kuchinja. Kazi ya maana hufanyika kwa mbwa: kumpa dawa ya minyoo ya prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na kutompa kichwa cha mbuzi au kondoo. Kichwa hicho kichomwe au kifukiwe kina cha kutosha ili mbwa wasikifukue.

Turudi kwenye neno. Kutoka mguuni lilipanda hadi moyoni na akilini. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Waraka kwa Warumi sura ya 4 unasema kwamba Abrahamu hakufanya “stagger” mbele ya ahadi ya Mungu. Tafsiri yetu ya Kiswahili imeandika “hakusita”, na imepata sawasawa: mguu unaosita kati ya hatua mbili ni picha ya mtu asiyejua aamini au asiamini. Matumizi haya yamepitwa na wakati. Ukikutana nayo leo, mara nyingi ni katika maandishi ya kidini au ya zamani.

Yaliyobaki hai ni ya mshtuko. Habari humpiga mtu kama ngumi, naye akawa “staggered”, amepigwa na butwaa. Kinachompiga huitwa “staggering”. Hapa ndipo waandishi wa habari walipolichosha neno. Kila bei ni “staggering”, kila deni ni “staggering”, hadi msomaji haguswi tena. Katika tafsiri siyo lazima kubeba uchovu huo. Kama takwimu inashtua, iandikwe “ya kushtua”. Kama ni kubwa tu, iandikwe kubwa.

Sasa maana iliyogeuka. Chukua mtu anayepepesuka kwenye mchanga laini, kisha utazame nyayo alizoacha. Moja imeingia kushoto mwa mstari, inayofuata kulia, nyingine kushoto. Ukiondoa pombe na taabu, ukabaki na alama peke yake, unaona mpangilio: vitu vinavyofuatana lakini havikai kwenye mstari mmoja, kila kimoja kimesogezwa upande kidogo kulingana na jirani yake. Mafundi wa magurudumu ya mbao katika karne ya 19 walikuwa na kazi inayofanana hasa na alama hizo. Walipokuwa wakichomeka miti ya gurudumu, yaani spoki, kwenye kitovu chake, hawakuipanga yote kwenye mzingo mmoja. Mmoja waliuweka ndani kidogo ya mstari, unaofuata nje kidogo, hivyo hivyo hadi kumaliza. Kitovu hakikudhoofika kwa kutobolewa matundu yaliyobanana kwenye mstari mmoja, na gurudumu likawa na nguvu zaidi likisukumwa kutoka ubavuni. Kitendo hicho waliita “stagger”. Kupepesuka kukawa ufundi.

Kiswahili kina neno zuri kwa maana hii, na sijui kwa nini linasahauliwa: kupishanisha. Fundi wa ujenzi anayelaza matofali hupishanisha viungo, tofali la juu likafunika mwanya wa matofali mawili ya chini, maana viungo vikipangana vyote kwa wima ukuta unapata ufa ulioandaliwa. Mwingereza angesema viungo hivyo ni “staggered”. Mkulima anayepanda miche kwa mpangilio wa pembetatu, mche wa mstari wa pili ukikaa mkabala na nafasi iliyo katikati ya miche miwili ya mstari wa kwanza, naye anapishanisha. Faida yake inahesabika. Kama umbali kati ya mche na mche jirani unabaki uleule, pembetatu huingiza miche kama asilimia 15 zaidi kuliko miraba kwenye eneo kubwa lilelile, kwa kuwa mistari inaweza kusogeleana.

Wakemia nao wamelichukua. Molekuli ya ethani, ile gesi yenye kaboni mbili na haidrojeni sita, ina ncha mbili zinazoweza kuzungukana. Haidrojeni za ncha moja zikitazama mianya ya ncha ya pili, molekuli ni “staggered” na imetulia. Zikiangaliana ana kwa ana, inahitaji nishati ya ziada ya takriban kilojuli 12 kwa moli. Kumbuka jambo hilo: katika maana hii ya pili, kilicho “staggered” ndicho kilichotulia.

Lakini hakuna mahali ambapo maana ya kupishanisha ni nzuri kuitazama kama kwenye uwanja wa riadha, na kwa watu wa Afrika Mashariki, tunaoamka usiku kutazama mbio, ni aibu kidogo kwamba hatufafanuliwi kamwe.

Uwanja wa kawaida una pande mbili zilizonyooka, kila mmoja mita 84.39, na kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, kwa kuwa mkimbiaji hawezi kukanyaga ukingoni. Kwa kipimo hicho mzunguko mmoja ni mita 400. Njia nyingine hupimwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari wa ndani wa kila njia. Kila njia ina upana wa mita 1.22. Anayekimbia nje anazunguka duara kubwa zaidi, kwa hiyo wote wakianza kwenye mstari mmoja na kumaliza kwenye mstari mmoja, wa nje ameonewa. Dawa ni kuwapishanisha. Mstari wa njia ya pili husogezwa mbele mita 7.04, na kila njia inayofuata huongezewa mita 7.67, hadi njia ya nane inafika mita 53.03.

Hesabu hiyo ina jambo linalonifurahisha kila nikilieleza. Nusu kipenyo cha kona hakimo ndani yake. Ukisogea nje kwa mita 1.22, mzingo wa duara hukua kwa mita 1.22 mara mbili ya pai, yaani 7.67, iwe kona ni pana au ni kali. Pande zilizonyooka nazo hazichangii chochote. Mwalimu wa michezo anayechora njia kwa chokaa kwenye uwanja wa nyasi wa shule hahitaji uwanja wa kimataifa. Njia zake zikiwa na upana wa mita 1, na mbio ni za mzunguko mmoja kila mtoto kwenye njia yake, kila njia isogezwe mita 6.28 mbele ya ile iliyo ndani yake. Uwanja uwe mdogo au mkubwa, namba ni hiyohiyo.

Kuna jambo la pili, la mtazamaji. Pengo hilo huliwa na kona peke yake, siyo na pande zilizonyooka. Katika mita 400, kona ya kwanza hula nusu na kona ya pili hula nusu. Maana yake, wakimbiaji wote wakiwa sawasawa kabisa, wakati wanapita upande wa mbali baada ya kona ya kwanza, wa njia ya nane bado ataonekana mita 26 na ushei mbele ya wa njia ya kwanza. Watu sebuleni hupiga kelele kwamba kijana wa nje anaongoza. Haongozi, ni deni ambalo bado halijalipwa. Ukweli huanza kuonekana wanapotoka kwenye kona ya pili. Ndiyo maana mtangazaji wa Kiingereza husisimka akisema mkimbiaji fulani “has made up the stagger”: amemfikia jirani yake wa nje kabla kona hazijamaliza kazi yao, kwa hiyo kwa kweli yuko mbele kwa umbali ambao macho hayauoni. Wayde van Niekerk hakuwa na wa nje wa kumfukuza. Alibeba pengo lote mgongoni, wengine wote wakimwona yeye.

Mbio za mita 800 huanza kwa pengo la kona moja tu. Wakimbiaji hubaki kwenye njia zao hadi mwisho wa kona ya kwanza, kisha hufikia mstari uliopinda unaowaruhusu kuingia ndani. Emmanuel Wanyonyi wa Kenya alipotwaa dhahabu ya Paris 2024 kwa dakika 1 na sekunde 41.19, kila kitu kilichofuata baada ya mstari huo kilikuwa mbio za kugombea nafasi ya ndani. Kwa kupokezana vijiti mara nne mita 400, pengo ni la kona tatu, maana mkimbiaji wa pili naye hubaki kwenye njia yake hadi amalize kona yake ya kwanza. Mita 1,500 hazina pengo la namna hii. Wote huanza kwenye mstari mmoja uliopinda.

Ndege zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, zilikuwa na “stagger” yao: bawa la juu likisogezwa mbele ya la chini, hewa ya bawa moja haivurugi sana ile ya jingine, na rubani huona vizuri zaidi. Kwenye Tiger Moth ya mwaka 1931 bawa la juu lilisogezwa mbele kwa sababu ya kibinadamu kabisa: anayeketi kiti cha mbele aweze kuruka nje na parachuti yake bila kukwama. Kampuni ya Beechcraft mwaka 1932 ilifanya kinyume, bawa la chini mbele ya la juu, na ndege hiyo hadi leo huitwa Staggerwing.

Kinachopishanishwa mahali kinaweza kupishanishwa katika wakati. Kampuni ikiwaingiza wafanyakazi kazini kwa saa tofauti ili mabasi yasijae kwa mkupuo, hizo ni “staggered hours”. Baraza la Seneti la Marekani lina wajumbe 100 wa muhula wa miaka 6, lakini hawachaguliwi wote mara moja. Theluthi moja huchaguliwa kila baada ya miaka 2, ili wimbi moja la hasira au shangwe lisibadilishe baraza zima. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina viti 10 visivyo vya kudumu vya miaka miwili miwili, na kila mwaka vitano hubadilishwa. Tanzania ilikaa humo 2005 na 2006, Kenya 2021 na 2022, kila moja ikiwakuta wazoefu watano na kuwaachia wapya watano. Tukisema vipindi hivyo “vinapishana”, msomaji ameelewa bila maelezo. Kwa malipo, chanjo, ujenzi na mikopo, neno la wakati ni awamu, au zamu inapokuwa watu.

Hatari kubwa iko kwenye mwisho wa neno, herufi mbili au tatu tu. “A staggering increase” katika kodi ya nyumba ni ongezeko la kushtua. “A staggered increase” ni ongezeko la awamu, pengine dogo kila mwaka, lililopangwa makusudi ili mpangaji asishtuke. Moja ni pigo, jingine ni kinga dhidi ya pigo. Mtu naye anaweza kuwa “staggered”, ila mtu hapishanishwi, kwa hiyo angalia kinachosemwa ni nani au ni nini: kama ni mtu mmoja, ni butwaa, kama ni ratiba, malipo, mistari au tarehe, ni mpangilio. Na kitenzi kikiwa na mtendaji anayepanga, ofisi, fundi, mhandisi au kamati ikivi-“stagger” vitu vingi, hakuna kuyumba kokote.

Programu za tafsiri kwenye simu zinaweza kuchukua maana ya kwanza ya kamusi na kuimwaga popote. Ukiona tangazo la Kiingereza linaloahidi “staggered delivery of fertiliser”, mkulima anaahidiwa mbolea ya kupandia mapema na ya kukuzia baadaye, kwa awamu, kila moja kwa tarehe yake. Likimfikia likiwa limeandikwa “usambazaji wa mbolea unaoyumba”, atakimbilia dukani kununua kwa bei ya juu mbolea ambayo tayari imepangiwa siku ya kumfikia.